Hewa ya ukaa hulisha mimea, lakini joto huua chavua

Katika mjadala wa mabadiliko ya tabianchi na kilimo, kuna hoja ambayo wengi huitupa upesi mno: kwamba hewa ya ukaa ni chakula cha mimea, hivyo ikizidi angani mavuno nayo yatazidi. Ina ukweli. Kabla ya enzi ya viwanda hewa hiyo ilikuwa takriban sehemu 280 katika kila sehemu milioni; sasa imepita 420. Ngano, mpunga na maharage hunufaika na ziada hiyo, na hata hupoteza maji kidogo kwa kuwa matundu ya majani hayafunguki sana.

Mahindi, mtama na miwa huinasa hewa hiyo kwa njia nyingine, kwa hiyo nyongeza haiisaidii sana mimea hiyo, labda wakati wa ukame. Na ngano iliyonawiri kwa ukaa mwingi imepimwa ikakutwa na upungufu wa protini, zinki na madini ya chuma. Gunia linajaa, lishe inapungua.

Kinachonitia hofu zaidi ni joto. Tunabishana kuhusu wastani wa nyuzi moja au mbili, wakati mahindi yana siku chache tu za kuamua mavuno: pale mbelewele zinapomwaga chavua na nywele za gunzi kuipokea. Joto likipita nyuzi 35 siku hizo, na udongo ni mkavu, chavua hufa. Ukija kumenya gunzi unakuta mapengo, punje moja hapa, nyingine kule, hata kama takwimu za msimu zinasema mvua ilitosha.

Wapo wanaosema nchi za baridi zitafidia pengo. Msimu wa kilimo huko unarefuka kweli, ila mwaka 2010 joto na ukame viliunguza ngano ya Urusi hadi serikali ikazuia kuuza nafaka nje.

Nakubali pia kwamba baadhi ya makadirio ya kutisha humchukulia mkulima kama mtu asiyebadilika, atakayepanda mbegu ileile tarehe ileile. Wakulima hubadilika, tena haraka, wakiwa na uwezo. Mwenye maji ya umwagiliaji ataliokoa shamba wiki ile ya mbelewele. Lakini karibu asilimia 80 ya ardhi inayolimwa duniani hutegemea mvua, na kwangu mimi, fedha za kukabiliana na tabianchi zingeanzia hapo: mabwawa, visima na mbegu zinazokomaa mapema.