Sera Zote Zaonana Mfukoni Mwangu

Mpwa wangu asomea utawala wa umma chuo kikuu, na tangu aanze hawezi tena kuona mtaro umeziba akasema mtaro umeziba. Sharti akwambie umezibwa na sera gani. Juzi barazani, watu tumetulia na kahawa tungu yetu na kashata, akatuletea habari za bwana mmoja Mmarekani, Theodore Lowi, aliyeandika mwaka 1964 kwamba sera za serikali zina mafungu. Alianza na matatu, 1972 akatia la nne. Kuna sera za kugawa, kuna za kudhibiti, kuna za kutoa kwa huyu kumpa yule, na kuna za kuunda vyombo vyenyewe vya kutawalia. Na kila fungu, asema, lazaa siasa yake na ugomvi wake.

Bwana huyo alifariki 2017, sitaki kumsema marehemu. Lakini yeye alisimama upande sera zinakotokea. Angesimama Majengo, huku Mombasa, kwenye kizingiti changu, azitazame zikiingia, angerarua karatasi zake. Kwangu zote zaja na sura moja, zote zataka kitu. Na ajabu ni kwamba hazijuani! Kila wizara iko Nairobi na jengo lake na mlinzi wake getini, haziamkiani wala haziulizani hali. Mahali pekee zinapokutana ni mfukoni mwangu, na zikikutana zapigana.

Chukua karatasi ya mshahara. Mimi ni karani wa godauni la chai huku Shimanzi. Tuseme mshahara ni 40,000. Sikwambii ndio wangu, jirani zangu wajua kusoma. NSSF, akiba ya uzeeni, yaja na asilimia 6, hiyo ni 2,400. Bima ya afya, hii ya SHIF iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, asilimia 2.75, ni 1,100. Nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5, ni 600, na tajiri naye atoa 600 zake juu ya kichwa changu, na kila mwisho wa mwezi anitazama kama nilimwibia. Baada ya hapo ndipo kodi ya mapato yenyewe iingie, haipigi hodi, haivui viatu.

Mimi hiyo ya nyumba ndiyo yanikeketa. Naishi chumba na ukumbi kwenye nyumba ya Kiswahili, familia sita tumepanga ujia mmoja, choo kimoja na foleni yake. Nikamwuliza mpwa, haya, nyumba za bei nafuu ni fungu gani?

“Yategemea, mjomba. Kwa anayepewa nyumba ni ya kugawa. Akitozwa mwenye nacho ili apewe asiye nacho, ni ya kutoa kwa huyu kumpa yule.”

“Na mimi ninayetozwa na sina, niko fungu gani?”

Akafikiri. Ni kijana mkweli, hilo nampa. “Wewe, mjomba, ni chanzo cha mapato.”

Njoo kwa mamangu. Mamangu ashapita sabini, yuko kwenye Inua Jamii, zile pesa za serikali kwa wazee, 2,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo sera ya ustawi wa jamii, na hapo sina neno, kwani mtu aliyelea watoto na wajukuu akipewa cha kununulia dawa na sukari hakuna wa kununa. Nikapiga hesabu. Mimi natoa 1,700 za afya na nyumba, mama apewa 2,000. Ukoo wetu umeifunga serikali 300! Nikalala vizuri siku hiyo. Kumbe zile pesa zikiingia, simu ya mama ikilia tu, mjukuu yuko mlangoni keshavaa kofia. “Shikamoo bibi. Umeamkaje bibi? Bibi, nina kazi ya kusoma na bando limekwisha.” Bibi ayeyuka. Kwa hivyo serikali yanikata mimi, yampa mama, mama ampa mpwa, mpwa anunua bando asome vile ninavyokatwa. Na bando lenyewe lina ushuru, basi serikali yarudishiwa chake mlangoni.

Lakini hayo ni madogo. Ngojeni niwaambie ya sera ya kigeni.

Wengi hapa mtaani wadhani sera ya kigeni ni marais kupigwa picha wameshikana mikono, bendera nyuma. Au ni askari wetu waliopelekwa Haiti mwaka 2024. Yakhe, sera ya kigeni imo ndani ya sinia ya pilau. Sikiliza. Pakistan ndiyo mnunuzi wetu mkubwa wa chai. Chai hiyo, pamoja na ya Uganda na Rwanda na wengineo, yauzwa kwa mnada hapa hapa Mombasa kila wiki, kisha yapita mikononi mwa watu kama mimi ikielekea bandarini. Nao Wapakistani watuuzia mchele. Sasa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka ushuru wa asilimia 75 kwa mchele wa kutoka nje, ili tule wa kwetu. Kenya ikaomba iachwe na asilimia 35, maana ukimbana Mpakistani kwenye mchele, naye ana chai ya kukubania. Kwa hivyo siku ya Ijumaa, nikitia mkono kwenye sinia, tonge lile limekaliwa na wizara ya mambo ya nje, wizara ya biashara na wizara ya kilimo, na mkulima wa mpunga wa Mwea amenuna pembeni kwa nini wa kwake hauliwi.

Nikamweleza mama haya yote kwa utaratibu. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, “Na hao wote waliokaa kwenye tonge, mbona kilo haiteremki?”

Haya, Februari 2025, kundi la RSF la Sudan, wale wanaopigana na jeshi la nchi yao, na wenzao wakaja Nairobi, wakakutana, wakatia sahihi mkataba wa kuunda serikali yao mbali na ile ya jeshi. Ile ya jeshi ikaghadhibika. Machi ikapiga marufuku bidhaa zote kutoka Kenya. Na Msudani, msimwone hivi, ni mnywaji chai wa haja. Mimi marufuku ile sikuisoma gazetini. Niliijua kwa sababu mzigo ulioandikwa Port Sudan uliacha kutoka. Magunia yamepangwa hadi karibu na bati, mimi nayatazama, yanitazama. Mwenye kuyahesabu tena ahesabu tu kwa mazoea. Ovataimu ikafa pale pale bila ya matanga.

Tajiri akaniita ofisini. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kunieleza hata kwa nini feni ya kule chini haizunguki. Siku hiyo alinieleza siasa ya Khartoum tangu Burhan wa jeshi na Hemedti wa RSF wafarakane Aprili 2023, nani anashika wapi, nani anamsaidia nani. Alinieleza vizuri sana, mpaka soda akaniagizia. Tajiri akikueleza jambo vizuri hivyo, jua halipi.

Jioni nikamkamata mpwa. Lowi wako asema nini juu ya mambo ya nje? Akasema hilo Lowi aliliona ni fungu la peke yake, akaliweka kando. Aliliweka kando! Na mimi mwenye kuhesabu magunia naomba kuambiwa kando hiyo iko wapi nami nikakae.

Mafuta nisiyaseme sana, nitapandwa na presha. Ila mjue meli za mafuta zashusha hapa kwetu Kipevu, ukiwa Changamwe waziona kwa macho. Tangu 2023 serikali yayachukua kwa mkopo kutoka kampuni za nchi za Ghuba, serikali kwa serikali, hiyo nayo ni sera ya kigeni, na mwaka huo huo ushuru wa VAT, ule wa ongezeko la thamani, kwenye mafuta ukatoka asilimia 8 hadi 16, hiyo ni sera ya kodi. Oktoba mwaka ule lita ya petroli ikapita 210 hapa hapa mjini. Kwa kuwa yashukia kwetu, petroli ya Mombasa ni rahisi kuliko ya Nairobi kwa kama shilingi tatu. Habari hiyo wenye tuktuk hawajaletewa. Kila tarehe 14 ya mwezi bei mpya zikitangazwa na zimepanda, saa sita usiku washajua wote, hata waliolala. Zikishuka, waambiwa dereva bado yuko na mafuta ya zamani. Hayo mafuta ya zamani, wallahi, hayaishi.

Nisiwe wa kulalama tu. Ile marufuku ya mifuko ya plastiki ya 28 Agosti 2017 ilikuwa sera ya kudhibiti, na ilidhibiti kweli. Faini milioni mbili hadi nne, au jela mwaka mmoja hadi minne. Mwanzoni watu walificha mifuko kama bangi. Nilimwona mama mmoja muuza muhogo akamfungia mteja kwa gazeti, kisha akatazama kulia na kushoto kabla ya kumtolea pilipili iliyofungwa kwenye kinailoni. Lakini ikashika, na mifuko iliyokuwa ikining'inia kwenye mikoko pale Tudor ikapungua. Sasa mtaro waziba kwa chupa na nepi, ila hiyo itakuwa sera nyingine. Mimi gharama yangu ni kwamba nyuma ya mlango pana mfuko uliojaa mifuko ya kununua, mke wangu asema si ya kutupa, na kila nikifika sokoni Marikiti sina hata mmoja, nauziwa mwingine.

Sasa hilo fungu la nne, la kuunda vyombo. Katiba ya 2010 ikatupa kaunti 47, na Mombasa ikawa nambari 001, sisi ndio wa kwanza kwenye orodha. Katiba hiyo hiyo yataka mwananchi ashirikishwe kabla ya kuamuliwa. Vizuri. Nami nikaenda kushirikishwa. Ukumbi mmoja hivi, joto la Machi, kanzu imenigandia mgongoni. Kitu cha kwanza ni kutia sahihi: jina, kitambulisho, nambari ya simu, sahihi. Wengine walitia sahihi wakaondoka na soda na mahamri yao, na kusema kweli hao ndio walioelewa mkutano. Sisi tuliobaki tukapewa kitabu kinene cha Kiingereza, kimoja watu wanne, kila mtu asoma ukurasa ulioelekea upande wake.

Mzee mmoja akainua mkono. Akauliza habari za mtaro wa kwao, mvua ikinyesha maji yaingia chini ya kitanda.

“Mzee wetu, asante kwa swali zuri. Mtaro ni wa kaunti. Sisi leo tumetoka serikali kuu.”

“Haya. Na barabara iletayo maji?”

“Hiyo sasa yategemea, mzee. Kuna barabara za kaunti, kuna zilizo chini ya mamlaka ya barabara za mijini, kuna za mamlaka ya barabara kuu.”

“Basi yakinifika magotini, niyaulize yatoka barabara ya nani?”

Watu wakacheka, na afisa mwenyewe akacheka, akaandika. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake, nikachungulia. Mbele ya jina la yule mzee alikuwa ameandika: mkazi ameunga mkono, ana pendekezo dogo la mazingira.

Sasa mpwa amefika mahali pa kufanya utafiti wake wa mwisho, na wa kutafitiwa ni nani kama si mjomba? Amekuja jana baada ya magharibi na dodoso lake. Kwa kipimo cha 1 hadi 5, umeridhika vipi na sera ya afya. Sera ya elimu. Sera ya makazi. Nikamwambia aandike sifuri, akasema sifuri haimo, wa mwisho ni 1, nao maana yake ni “kiasi kidogo sana.” Tukabishana hapo mpaka chai ikapoa. Swali la mwisho likauliza iwapo kaya hii ina sera yoyote ya matumizi ya mapato yake, na ni ya fungu gani.

Nikajikohoza nijibu kama mwenye nyumba. Mke wangu akanitangulia kutoka jikoni, na mwiko mkononi.

“Andika hapo, baba. Huyu sera hana. Ana ahadi.”

Na yule mtoto, baada ya bando zote zile, akaandika.