Kusema "hang'ati" hakumsaidii mtu

Mbwa anamkimbilia mpita njia, mpita njia anasimama na kujikaza, na mwenye mbwa yuko mbali nyuma anapaza sauti: "Usiogope, hang'ati!" Aliyesimama pale hana njia ya kujua kama ni kweli. Na hata ikiwa kweli, hajaomba kurukiwa. Mwingine aliwahi kung'atwa utotoni, mwingine hataki mate ya mbwa yaguse nguo zake, na wote wawili hawadaiwi maelezo.

Mimi nashikilia hivi: mbwa wa kufunguliwa kamba ni yule anayerudi akiitwa mara moja, hata kama paka amekatiza mbele yake. Upole ni jambo jingine kabisa. Tena mbwa wapole ndio wanaosumbua sana njiani, maana wenye mbwa waliridhika na huo upole wasiwafundishe kitu kingine.

Kuitika hufundishwa, na huanzia ndani ya nyumba ambako hakuna cha kumvuta. Chagua neno moja, liseme mara moja, na akifika mpe kitu anachokipenda kweli, kama kipande cha nyama. Akishazoea, nenda uwanjani na kamba ndefu ya mita 10 hivi, iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani. Usiifunge shingoni, kwa sababu akikimbia mpaka ikaisha, mshtuko wote unaishia kwenye koo. Mwite akiwa ananusa, kisha akiwa anamtazama mbwa mwingine kwa mbali, kisha kwa karibu. Ukijikuta unarudia neno mara tatu, umekwenda haraka mno. Rudi hatua moja nyuma.

Wengi huharibu kazi hii bila kujua. Wanamwita mbwa pale tu wanapotaka kuondoka, naye haraka anaelewa kwamba kuitwa ni mwisho wa raha. Mwite mara kadhaa katikati ya matembezi, mtuze, mwachie aendelee kucheza. Na akichelewa kurudi, ukamchapa anapofika, yeye anaunganisha kile kipigo na kurudi, wala si na kuchelewa. Siku nyingine hatakuja kabisa. Akikataa kuja usimkimbize, atadhani mmeanza mchezo; geuka ukimbie upande mwingine, na mara nyingi atakufuata.

Kabla hajafikia hapo, kamba. Ya kawaida, ya mita 1.5 hadi 2, inatosha. Zile zinazojikunja zenyewe kwenye kishikio sizipendi karibu na barabara: zinafika mita 5 au 8, kwa hiyo mbwa ameshaingia kwenye magari kabla hujabonyeza breki ya kishikio, na ukiidaka ile kamba nyembamba kwa mkono inakukata ngozi. Kishikio kikikuponyoka, kinaburuzika kwa kelele nyuma yake na kumtia hofu zaidi. Hata kamba ya kawaida usiizungushe vidoleni. Mbwa mwenye nguvu akifyatuka anaweza kukuvunja kidole. Kola nayo ipitishe vidole viwili kati yake na shingo. Ikilegea kuliko hapo, mbwa akirudi kinyumenyume inamvuka kichwani.

Ukikutana na mbwa aliyefungwa kamba, mfunge wako papo hapo, hata kama ni mtoto wa mbwa mchangamfu. Aliyefungwa hawezi kukimbia akiogopa, kwa hiyo kilichobaki kwake ni kupigana. Huenda pia ni mgonjwa, au bado anafundishwa kuacha hofu, na dakika moja ya fujo inaweza kurudisha nyuma kazi ya wiki nyingi. Mkikubaliana wasalimiane, waende kwa kuzunguka kidogo badala ya kukabiliana uso kwa uso, kamba zikiwa zimelegea. Sekunde 3 za kunusana, kisha kila mmoja amwite wake. Tazama mwili: akikakamaa, akafunga mdomo na kusimamisha mkia juu, ondoka naye. Akijilamba midomo, akipiga miayo au akigeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana, hataki, usimlazimishe. Mkia kutikisika peke yake si ushahidi wa furaha.

Kwa watoto, wakimbiaji na waendesha baiskeli, toka njiani, fupisha kamba, simama wewe kati yao na mbwa mpaka wapite. Penye mifugo asifunguliwe hata kama anaitika vizuri. Kondoo mwenye mimba akikimbizwa anaweza kuiharibu bila hata kuguswa jino, na hasara hiyo ni ya mfugaji.

Kinyesi kiokote. Beba mifuko miwili, wa pili ni akiba. Mayai ya minyoo ya mbwa yanahitaji wiki kadhaa kwenye udongo ndipo yaweze kuambukiza, kisha yanadumu muda mrefu, kwa hiyo mahali palipokauka na kuonekana safi ndipo mtoto anapoweza kuyaokota kwa vidole.

Na ikitokea ameng'ata, mfunge kwanza, kisha toa jina lako, namba ya simu na kadi ya chanjo bila kubishana nani alimchokoza nani. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata likiwa mkwaruzo tu, na aliyeng'atwa aende hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Chanjo inayotolewa mapema ndiyo inayozuia. Mbwa asiuawe kwa hasira wala asihamishwe. Afungiwe na kuangaliwa na daktari wa mifugo kwa siku 10, gharama zikiwa juu ya mwenye mbwa.