Milioni za Kinda, Usingizi Wangu

Jamani, mimi nalipwa kwa saa. Nasukuma maboksi usiku ghalani hapa Scarborough, na nyongeza niliyoomba bosi kanijibu bajeti imekaza. Sawa. Lakini niambieni, inakuwaje mimi ndiye ninayekosa usingizi kwa ajili ya mshahara wa kijana wa miaka 22 anayelipwa kuteleza barafuni na fimbo mkononi?

Ndiyo Toronto hii. Ghalani, kwa kinyozi wetu Mkongo, hata nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa, wote wahasibu. Mtu hajui salio la simu yake mwenyewe, lakini anajua Maple Leafs, timu yetu ya hoki ya barafuni, wamebakiwa na nafasi kiasi gani chini ya kikomo cha mishahara.

Sisi tuliokulia Simba na Yanga hicho kikomo kilitusumbua kukielewa. Kwetu tajiri akifungua mkoba, mchezaji anashuka uwanja wa ndege na skafu shingoni, basi. Huku hapana. Mwaka 2004 wenye timu za NHL, ligi kuu ya hoki ya huku, waliwafungia wachezaji geti, msimu mzima ukafutwa, na walipofungua 2005 kila timu ikapewa kikomo cha dola milioni 39 kwa kikosi kizima, mwenye nacho na asiye nacho sawa. Msimu wa 2025-26 kimefika milioni 95.5. Pesa Toronto wanazo mpaka zinawawasha, ila kuzitumia ni haramu.

Hapo ndipo linapokuja suala la kinda. Mkataba wake wa kwanza, ule wa bei ya chee, umeisha, na mtoto anafunga. Unamfanyaje? Matthew Knies, kinda wetu wa Leafs, msimu wa 2024-25 alitia magoli 29. Nusu ya kijiwe ikasema apewe chake, nusu ikasema ana nini huyo, asubiri kwanza. Asubiri! Mimi nikisikia kinda asubiri natafuta pa kukaa, maana yale ya William Nylander niliyaona.

Nylander naye mwaka 2018 alikuwa na miaka 22. Hakusaini, akakaa zake kwao Uswidi, watu huku presha zinapanda. Mwisho ilikuwa tarehe 1 Desemba saa 11 jioni. Ikipita hapo hachezi NHL msimu ule. Akamwaga wino dakika za lala salama, miaka 6, karibu milioni 7 kwa mwaka. Akarudi mzito, akafunga magoli 7. Saba! Kinyozi alininyoa upande mmoja, wa pili akausahau kwa hasira. "Auzwe!" ikawa ndiyo salamu ya mjini. Haya, msimu wa 2023-24 huyohuyo akafunga 40, na katikati ya msimu wakampa milioni 92 kwa miaka 8. Wale waliotaka auzwe leo wanamwita mtoto wetu.

Sikatai, wapinzani nao wana lao. Kufikia 2019, mastaa wanne wa Leafs, Nylander, Matthews, Marner na Tavares, walikuwa wanakula karibu nusu ya sinia la kikomo, na watu kama 19 waliobaki wanagombea ukoko. Wenye hesabu walidhani kikomo kitapanda kila mwaka. Ikaja korona, kikaganda kwenye milioni 81.5. Zach Hyman, mchapakazi asiye na makuu, akaondoka 2021 kwenda Edmonton kwa milioni 5.5 kwa mwaka, na 2023-24 akafunga 54 huko. Hamsini na nne, wallahi.

Na Edmonton nao yakawakuta. Sheria ni hivi: kinda mkataba wake ukiisha bado ni wa timu yake, ila timu nyingine ikimletea ofa akaisaini, wewe una siku 7 ulipe dau lilelile au umwache uchukue fidia. Agosti 2024, wametoka kukosa kombe kwa mchezo mmoja tu, timu ya St. Louis wakawaletea ofa mbili kwa mpigo, za Dylan Holloway na Philip Broberg. Edmonton walikuwa wamebanwa mpaka shingoni, wakawaachia wote wawili. Holloway msimu uliofuata akafunga 26. Fidia yenyewe? Nafasi za kuchagua chipukizi ambao hata ndevu hawajaota.

Kwa hiyo Juni 2025 Knies aliposaini miaka 6 kwa milioni 7.75 kwa mwaka, mimi nilipiga vigelegele vya kiume. Kikomo kinapanda, mtoto anapanda, muwahi. Wa miaka 30 ndiye wa kuogopa, huyo unamlipa magoli aliyokwisha kuyafunga.

Kilichoniuma ni kwamba siku zilezile Marner akahamia Las Vegas kwa milioni 12 kwa mwaka, na jimbo la Nevada halikati kodi ya mapato. Huku Ontario mtu wa ngazi ile, kila dola ya juu zaidi ya nusu inakwenda na kodi. Florida nako hawakati, na Panthers wa huko wamebeba kombe 2024 na 2025. Toronto mara ya mwisho ni 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Azimio limezaliwa, limekua, limezikwa, hawa bado wanajenga kikosi.

Na Marner kaniachia jezi. Nilimnunulia kijana wangu, jina mgongoni, namba 16. Bei yake mama watoto haijui mpaka leo na msimwambie. Haivaliki tena. Niliivaa mimi ghalani ndani ya koti, nikaitwa msaliti na mtu niliyemkopesha nauli. Sasa kijana anataka ya Knies. Nikamwambia mwanangu, hali ngumu, subiri msimu huu uishe kwanza tuone. Akanijibu taratibu tu kwamba mjomba wake wa Montreal kashamwahidi jezi ya Canadiens, timu ya huko, mahasimu wetu, tena bure. Canadiens! Ndani ya nyumba ninayolipia kodi mimi! Mama yake anacheka, si ni kakake. Nimepewa mpaka Ijumaa ijayo niwe nimejibu. Nikauliza kama kuna fidia, nikaambiwa hakuna.