Ukizima faili la kurasa, umepona nini?

Steshenari moja hapa Chikongola, Mtwara, ina kompyuta yenye RAM (kumbukumbu ya kazi inayoendelea) ya GB 4. Msimu wa korosho ukifika, foleni inatoka hadi barazani: mtu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na jedwali lake la wakulima, mwanafunzi na barua ya maombi ya kazi. Dada wa kaunta akisogeza mausi, mshale unafuata baada ya muda, na kitaa cha diski hakizimi. Fundi alipoitwa alitoa dawa moja tu: zima kumbukumbu pepe, yaani ule mpango wa kuisaidia RAM kwa diski, na ufute faili la kurasa, ile sehemu ya diski inayotumika kwa kazi hiyo.

Wazo hilo la kumbukumbu pepe si la jana. Kompyuta ya Atlas kule Manchester ilikuwa nalo mwaka 1962. Mfumo endeshi, kama Windows au Linux, huikata kumbukumbu kwa kurasa, mara nyingi za KB 4, kisha hupanga. Zinazotumika hubaki kwenye RAM, zilizolala hupelekwa diski, kwenye faili la kurasa, kama muuza duka anavyoweka sukari kaunta na mabati stoo.

Fundi hakukosea kote. Diski ya kuzunguka ni nzito kuliko RAM kwa makumi ya maelfu ya mara. Kurasa zikianza kwenda na kurudi, mashine inabeba mizigo tu, kazi haiendi. Na kwenye SSD, diski isiyozunguka, kila kuandika kunapunguza umri wake.

Ila kuna jambo hakulisema. Programu huomba kumbukumbu nyingi kuliko itakayoitumia. Windows huweka dari ya maombi hayo: RAM ukijumlisha na faili la kurasa. Futa faili, dari inashuka, na programu inaweza kukataliwa huku RAM ingali na nafasi. Linux kwa kawaida ni karimu zaidi. Hukubali kwanza, halafu RAM ikiisha kweli na hakuna pa kupeleka kurasa, huchagua programu moja na kuiua. Haiulizi kama umeshahifadhi kazi.

Kwa hiyo umebadilisha namna ya kuumia. Ukiwa na faili, mashine inazama polepole na unawahi kuhifadhi. Bila faili, inakata ghafla. Mwenye seva anaweza kuchagua kukata, maana programu inajiwasha upya na wateja hawakai wakisubiri mashine iliyoganda. Namwelewa. Lakini dada wa kaunta ameshaandika majina mia tatu ya wakulima kwa mkono wake, na hayo hayajiandiki upya.

Mimi ningeliacha faili hilo, Windows ipange ukubwa yenyewe (ile kanuni ya "mara mbili ya RAM" ni ya enzi ambazo RAM ilikuwa kiduchu), na hela ya fundi ningenunulia kipande cha pili cha RAM. Pa kukichomeka papo. Tulifungua boksi tukapaona, pamejaa vumbi.