Wameridhika na mtandao au na steshenari?
Nyie mnaosema wananchi wengi wameridhika na huduma za serikali mtandaoni mi nakubali nusu. Kwenye malipo kweli, kontroo namba, ile namba ya kulipia serikali, inaingia kwa meseji unalipa na simu umemaliza, foleni ya benki hamna. Ila kwenye maombi yenyewe, aisee, mi nafanya kazi steshenari hapa Mbagala, Dar, msimu wa mikopo ya chuo madogo wanajaa kuhakiki cheti cha kuzaliwa mtandaoni ili waombe mkopo, wengi hawana hata imeli, tunawafungulia sisi, paswedi tunaandika nyuma ya risiti, baadaye risiti imepotea na majibu yametumwa hukohuko kwenye imeli. Dogo kama huyo mkimuuliza atawaambia ameridhika, kisa hajagusa kompyuta. Wenzangu wa steshenari mikoani, kwenu wateja wanajaza wenyewe?