Mtafiti akibisha hodi, mwenye nyumba ana kauli gani?

Vijijini Kilifi, pwani ya Kenya, wapo wasioutaka utafiti lakini hawasemi. Mfanyakazi wa mradi anafika siku waliyopatana, anakuta mlango umerudishiwa, na mtoto aliyeko uani anamwambia mama kaenda shamba. Akirudi wiki inayofuata, mama kaenda kisimani. Safari ya tatu kuna msiba kwa jirani. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, wa huko huko Kilifi waliichunguza hali hii na mwaka 2015 wakaiandika bila kuficha: watu waliona tabu kumkatalia usoni kijana waliyemzoea, tena anayetoka kwenye taasisi ambayo wengi huihesabu kuwa sehemu ya hospitali. Akufukuzaye hakwambii toka.

Naanzia hapo kwa sababu siku hizi kila mradi wa afya unasema unashirikiana na jamii. Mimi naamini ushirikiano huo unaokoa maisha, na ushahidi upo. Kituo cha KEMRI na Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, kiko Kilifi tangu 1989. Jaribio la vyandarua vyenye dawa lililofanyika huko, ambalo matokeo yake yalitoka 1996, lilionyesha vifo vya watoto vikipungua kwa asilimia 33 na malaria kali kwa asilimia 44. Chandarua unachokifunga usiku leo kina deni kwa kina mama waliokubali nyumba zao zihesabiwe na watoto wao wapimwe.

Swali langu ni jinsi kukubali kwenyewe kunavyopatikana. Watafiti wa Kilifi walilihangaikia. Kulikuwa na uvumi mwingi juu ya damu inayochukuliwa, na uvumi wa namna hiyo Pwani una mizizi mirefu, maana hadithi za mumiani, wanaodaiwa kunyonya watu damu, tumezikuta kwa bibi zetu. Jawabu lao moja lilikuwa kuwa na wawakilishi wanaochaguliwa na wanakijiji wenyewe, wanaoelezwa habari za tafiti na kupeleka maoni ya watu kwa watafiti. Ni hatua kubwa, nami naiheshimu. Hata hivyo, mwakilishi anayeitwa mkutanoni na mradi na kupewa nauli na mradi anaweza polepole kuwa mjumbe wa mradi kijijini badala ya mjumbe wa kijiji kwenye mradi. Wala yeye hawezi kukubali kwa niaba ya mtu. Mama aliyekwenda shamba bado hajasema neno lake.

Upande wa pili, wa wanaotilia shaka wananchi kufanya kazi za utafiti, una hoja nzito pia. Wataalamu husema wananchi si wapimaji, na kazi ikiharibika anayeumia ni mgonjwa. Dar es Salaam ilitoa mfano mzuri wa jambo hili. Mradi wa kudhibiti malaria mijini ulioanza 2004 katika kata 15 uliwatumia wakazi wa mitaa yenyewe kutafuta mazalia ya mbu. Eneo liligawanywa kwa mabalozi wa nyumba kumi, ramani zikachorwa kwa mkono mtaa kwa mtaa, na mwaka 2006 dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu ikaanza kuwekwa Buguruni, Kurasini na Mikocheni.

Mfikirie mmoja wa wakazi hao, kata nyeupe ya kuchotea maji mkononi. Anainama kwenye dimbwi lililo nyuma ya gereji, anachota, anatazama kama kuna viluwiluwi vilivyolala sambamba na uso wa maji, maana hivyo ndivyo vya Anofelesi, mbu wa malaria, kisha anaandika. Dimbwi linalofuata liko ndani ya ukuta. Mlinzi anamwambia mwenye nyumba hayupo, na geti linafungwa. Kazi yao ilipokaguliwa, ikaonekana waliyafikia takriban theluthi mbili ya madimbwi, na katika yale yenye viluwiluwi vya Anofelesi walivigundua kwenye 1 kati ya 8 hivi. Kuta zilitajwa waziwazi miongoni mwa vikwazo. Ramani za mkono nazo zilipolinganishwa na picha za angani, yalionekana maeneo ambayo hayakuwa kwenye mchoro wowote.

Anayetaka kuwabeza wananchi ataishika takwimu hii. Mimi naisoma tofauti. Ni mkazi gani, au hata mtaalamu gani, angefunguliwa geti lile? Hilo ni suala la madaraka, halitatuliwi na semina. Ila sitaitetea kazi yenyewe kupita kiasi, maana kumtambua Anofelesi ni ujuzi unaotaka mafunzo na msimamizi anayerudia kupima nyuma yako. Kumpa mtu kata na fulana kisha ukamwacha si kumshirikisha.

Na si kumshirikisha pia ukimtumikisha bure. Mwaka 2023 Kenya ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wenye posho ya shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi. Tanzania ikafuata Januari 2024 na mpango wa wahudumu 137,294 kwa miaka mitano. Hawa watakuwa wakiuliza majirani zao habari za mimba, kifua kikuu na choo. Jirani anaaminika, na jirani huyo huyo ndiye usiyetaka ajue una virusi. Kwa maswali ya mbu na maji ningemtuma jirani bila wasiwasi, lakini kwa maswali ya siri ningependa mtu achague nani amuulize.

Bado kuna deni la majibu. Miaka kadhaa iliyopita walipita mtaani kwetu vijana wenye vishikwambi. Walikuwa na adabu, walibisha hodi, walitambulishwa na mjumbe wetu. Wakajaza maji ya kisima chetu kwenye vichupa vidogo, wakaviandika namba, wakauliza watoto wangapi wameharisha mwezi ule. Tuliwajibu kila kitu, tukawapa na viti. Hakuna aliyerudi kutuambia maji yalikutwa na nini. Nimeshamuuliza mjumbe mara mbili, naye hana simu ya yeyote kati yao. Na kisima tunakichota mpaka leo, asubuhi na jioni.