Kabla ya kupakia maboksi kwenda Yaeda, ombeni muhtasari wa mkutano wa kijiji

Ukikaa Dar es Salaam muda wa kutosha utaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la michango. Majina yamepangwa kwa namba, mbele ya kila jina ahadi, pembeni alama ya vema kwa aliyekwishalipa, na kila asubuhi mhazini anatukumbusha: "Ndugu zangu, muda unakwenda." Tunachanga harusi, tunachanga misiba, na inapokaribia Ramadhani au Krismasi tunachanga kwa ajili ya matendo ya huruma. Zamani michango hiyo iliishia kwenye vituo vya yatima vya hapahapa mjini. Siku hizi maofisi, makanisa, misikiti na vikundi vya waliosoma pamoja vinatazama mbali zaidi: Wahadzabe, wawindaji na warina asali wa bonde la Yaeda na Ziwa Eyasi; wafugaji Wadatoga wa Mbulu na Hanang; Wamaasai wa Simanjiro, Longido na Ngorongoro.

Nalifurahia hilo kwa dhati. Mtu wa Sinza anayetoa elfu hamsini yake kwa ajili ya mtoto asiyemjua, aliye mbali kuliko siku nzima ya basi kutoka stendi ya Magufuli, anafanya jambo jema na hastahili kubezwa. Ugomvi wangu uko kwenye kitu kinachonunuliwa kwa elfu hamsini hiyo, na kwenye swali la nani aliyeamua kinunuliwe.

Orodha ya manunuzi naijua kwa moyo. Madaftari ya jumla kutoka Kariakoo, kalamu, sabuni za miche, pipi, viatu vya shule vya saizi za kukisia, robota moja au mawili ya mitumba kutoka Karume, na bango lenye jina la kikundi. Coaster inakodiwa. Dereva ana posho yake, Karatu kuna hoteli ya siku mbili, na kijijini watoto wanapangwa mstari wapokee huku simu zikiwa hewani. Ukijumlisha mafuta, hoteli na posho, mara nyingi safari yenyewe imekula zaidi ya kilichomfikia mtoto. Na hizo picha! Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, lakini sijasikia kikundi kilichomwomba mzazi wa Kihadzabe ruhusa kabla ya kuirusha sura ya mwanawe mtandaoni. Watoto wetu wa Masaki na Tegeta tusingekubali wafanyiwe hivyo.

Basi twende kwa mtoto mwenyewe. Wahadzabe wanakadiriwa kuwa zaidi kidogo tu ya watu 1,000. Lugha yao, Kihadzane, ina sauti za vidoko, zile za kufyatua ulimi, na haijathibitika kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote duniani. Mtoto aliyekulia kambini, akila asali, mizizi, ubuyu na nyama ya porini, anaanza darasa la kwanza kwa Kiswahili ambacho kwake ni kigeni, na mara nyingi analala bweni kwa sababu kambi za wazazi wake zinahama na ziko mbali na shule. Usiku unapoingia, mtoto wa miaka saba anaumwa tumbo na hana mtu wa kumweleza kwa lugha yake. Wanaotoroka bweni na kutembea porini kurudi kwa mama zao hawatoroki kwa kukosa daftari. Ada ya shule za umma ilikwishaondolewa tangu 2016, na mwaka 2022 hata kidato cha tano na sita wakasamehewa. Kinachomrudisha mtoto nyumbani ni upweke, kuchekwa na wenzake wa makabila makubwa, na njaa mahindi ya shule yanapopungua kabla ya muhula kuisha.

Dawa ya hayo inajulikana. Ni matroni anayezungumza Kihadzane, alale palepale bwenini. Ni mpishi anayelipwa kila mwezi na ghala lenye chakula mpaka siku ya kufunga shule. Ni nauli ya mzazi kuja kumwona mwanawe katikati ya muhula. Mambo haya hayapigiki picha nzuri. Mshahara wa matroni hauna bango, na mwezi unaofuata unadaiwa tena. Ndiyo maana wafadhili wadogo kama sisi tunayakimbia, na wakubwa nao wengi wanayakimbia, kwa kuwa kila mtu anapenda kujenga darasa na kukata utepe.

Wahadzabe wana historia ndefu ya kusaidiwa na watu wenye nia njema. Katikati ya miaka ya 1960 serikali iliwakusanya Yaeda ili wakae sehemu moja, walime, wasome. Maradhi yakawapata pale walipobanana, wengine wakafa, na wengi wa waliobaki wakarudi porini. Yamejaribiwa mengine baada ya hapo, ya serikali na ya wamisionari, na hayakudumu sana. Yote yalifanana kwa jambo moja: aliyeamua alitoka nje.

Lililodumu lilianza kwa namna nyingine. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipewa hati ya hakimiliki ya kimila kwa ardhi yao, zaidi ya hekta 20,000, hati ya jamii nzima badala ya mtu mmoja mmoja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilikuwa na mlango huo, ila kabla ya hapo ulitumika zaidi kwa watu binafsi. Shirika la Ujamaa Community Resource Team la Arusha ndilo lililokaa nao miaka mingi kulifanikisha, na kwa kazi hiyo na nyingine kama hiyo kwenye vijiji vya wafugaji, Edward Loure alipata tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2016.

Ebu fikiria kilichokuwa kikigharimiwa katika kazi ile. Mafuta ya gari la mpima ardhi. Chakula cha wazee walioitwa kuonyesha mpaka, mti huu, mwamba ule, korongo lile. Vikao na majirani Wadatoga na Wairaqw, kimoja baada ya kingine, hadi mpaka ukubalike. Mpango wa matumizi bora ya ardhi, mkutano mkuu wa kijiji kuuridhia, halmashauri ya kijiji kutoa hati, wilaya kuisajili. Ni miaka ya posho ndogondogo na makaratasi. Mfadhili anayetaka matokeo kabla ya mwisho wa mwaka wa fedha asingevumilia.

Na matunda yake? Msitu ukabaki. Kwa kuwa msitu ulikuwa na mwenyewe kisheria, jamii iliweza kuingia mkataba wa hewa ukaa, yaani kulipwa kwa kuutunza msitu usikatwe, na kampuni ya Carbon Tanzania. Fedha zinazopatikana zinalipa vijana wa kijiji wanaolinda msitu, na kutoka kwenye fungu hilohilo wanagharimia matibabu na masomo ya watoto wao. Elimu, afya na kipato, yale matatu tunayoandika kwenye kila andiko la kuomba ufadhili, yote yamepatikana kwa kuanzia kwenye ardhi, na wanaopanga kiasi gani kiende wapi ni wao wenyewe. Sisemi biashara ya kaboni haina maswali. Ina maswali mengi, na bei yake hupangwa mbali na Yaeda. Lakini mzazi anayempeleka mwanawe hospitali kwa fedha ya msitu wake hapangi mstari kusubiri boksi langu.

Kwenye afya mambo yanafanana. Vijiji vingi vya wafugaji viko mbali na zahanati, kwa hiyo mama na mtoto hutegemea huduma ya mkoba: muuguzi anapanda pikipiki au gari na deli la chanjo, anafika chini ya mti uliokubaliwa siku iliyokubaliwa, anapima uzito, anachanja, anawaangalia wajawazito. Gari likikosa mafuta, hakuna mkoba mwezi huo, na kina mama waliotembea tangu alfajiri wanarudi bila chanjo. Wakirudi hivyo mara mbili hawaji tena, na ripoti itaandika kwamba jamii ina mwamko mdogo. Mafuta ya pikipiki ya mwaka mzima ni fedha ambayo kikundi cha waliosoma pamoja kinaweza kabisa. Kadhalika magodoro na chakula kwenye nyumba ya kusubiria wajawazito karibu na kituo cha afya. Mwanamke wa Longido mwenye ujauzito wa hatari hawezi kuanza safari uchungu ukiwa umeshika, anatakiwa awe amefika wiki kadhaa kabla.

Bima nayo. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilipangwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na sasa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inaleta utaratibu mpya. Kwa vyovyote vile, mfugaji ana fedha taslimu baada ya mnada, na mrina asali baada ya msimu wa asali. Ukimdai mchango wa bima mwezi ambao hana kitu, unamwacha nje ya bima mwaka mzima. Kujua tu mwezi gani jamii fulani ina fedha na mwezi gani haina ni maarifa yenye thamani kuliko maboksi kumi, na maarifa hayo wanayo wao.

Ajabu ni kwamba wenye maarifa hayo tunaishi nao hapahapa. Getini kwetu Mikocheni kuna mlinzi kutoka Simanjiro, kijana wa kimo kirefu, na kila mwisho wa mwezi ukimkuta kwenye kibanda cha wakala wa simu anatuma fedha nyumbani. Ukame wa mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022 uliua maelfu ya mifugo huko kwao. Nilimuuliza angependa watu wa Dar wawasaidie nini, nikamtajia mradi niliokuwa nimeusikia wa kugawa mbuzi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, huyo mbuzi atakufa kwa kiu ileile iliyoua ng'ombe wetu. Tuchimbieni lambo. Na josho lipo, limejengwa, halina dawa."

Josho lipo, halina dawa. Nimelifikiria sana jibu hilo. Mtu alijenga, akafungua, akaondoka, na dawa ya kuogesha ng'ombe ikaisha kama inavyoisha kila dawa. Vijana kama huyu wako maelfu mjini: wanalinda mageti yetu, wanasuka nywele, wanauza dawa za mizizi Kariakoo na Mwenge. Kwa kutuma elfu ishirini ishirini, naamini wao ndio wafadhili wakubwa wa shule na zahanati za kwao. Sijawahi kuona kamati ya matendo ya huruma iliyomwita mmoja wao kwenye kikao.

Kuna taasisi ambazo jamii zenyewe zimezijenga, na ndizo ningependa fedha zetu zipite kwazo. Baraza la Wanawake wa Kifugaji, lililoanzishwa 1997 na wanawake wa Kimaasai kule Loliondo, linasomesha wasichana, linaendesha vikundi vya kuweka na kukopa, na ndilo lililojenga sekondari ya Emanyata. Mama wa Kimaasai anapokwenda boma kwa boma kumwomba baba asimwoze binti wa darasa la saba, anasikilizwa kwa namna ambayo mimi na kitambulisho changu cha ofisi nisingesikilizwa. Anajua amwanze mzee yupi.

Najua nitajibiwa: fedha zikifika kijijini zitaliwa. Zinaweza kuliwa. Zinaliwa mjini pia. Lakini sheria za serikali za mitaa zinataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe mbele ya wananchi na yabandikwe kwenye ubao. Kama mchango wetu umetajwa kwenye mkutano ule kwa kiasi chake na kazi yake, kila mama aliyehudhuria anakuwa mkaguzi. Boksi linalokabidhiwa kwa mwenyekiti huku kamera zikimwelekea halina mkaguzi hata mmoja.

Kwa hiyo napendekeza hivi kwa vikundi vinavyoanza kukusanya sasa. Msiandike orodha ya manunuzi. Andikeni barua kwa kijiji mkiuliza mkutano wao umeamua nini, na muombe muhtasari wenye saini. Wakiomba dawa ya josho, lipeni dawa ya josho, hata kama mlishaota darasa. Tumeni fedha kwa awamu, mtu mmoja aende na basi la kawaida badala ya kumi na wanane kwenda na Coaster, na ahadi iwe ya miaka mitatu. Watu arobaini wakitoa elfu hamsini kila mwaka ni milioni mbili kwa mwaka, milioni sita kwa miaka mitatu, na kijiji kikijua mapema kwamba ya mwaka wa pili na wa tatu yapo kitathubutu kuajiri. Mwaka wa tatu unapoanza, kaeni nao muulizane nani atamlipa matroni wa mwaka wa nne: halmashauri ya wilaya, mapato ya kijiji, au ninyi tena.